Mtaalamu wa Mashine Asiyoigusa

Binti mmoja aliyemaliza shahada ya sayansi ya chakula ameniandikia kutoka Morogoro. Ameanza na shikamoo. Marahaba, mwanangu. Halafu ameeleza shida yake bila kuzunguka, nami nitamjibu vivyo hivyo. Rafiki yake alimsaidia kufungua ukurasa wa LinkedIn, akamwekea picha nzuri, akamjazia elimu yake, na alipofika sehemu ya ujuzi akaandika kwamba ni mtaalamu wa HPLC, ile mashine ya maabara inayotenganisha kemikali zilizochanganyika ndani ya sampuli na kupima kiasi cha kila moja. Binti alikuwa akiiona mashine hiyo kila siku wakati wa fildi. Kuigusa, hakuigusa. Aliyeiendesha ni fundi sanifu wa maabara, wanafunzi wakichungulia nyuma ya bega lake. Sasa kampuni moja ya kusindika nafaka imemwita kwenye usaili, na barua ya mwito imeitaja HPLC kwa jina. Anauliza afanyeje. Anaongeza kwamba wenzake wote wameandika hivyohivyo, na kwamba msema kweli siku hizi anakaa mtaani.

Lifute neno hilo leo, mwanangu, kisha waandikie hao waliokuita. Mistari michache inatosha: kwamba ukurasa wako ulizidisha ujuzi wako wa HPLC na umeshausahihisha, kwamba umeandaa sampuli za kupimwa kwa mashine hiyo lakini hujaiendesha mwenyewe, na kwamba kama bado wanakuhitaji, utafika siku waliyoipanga. Huenda wakakuacha. Sitakudanganya kwamba ukweli hulipwa papo hapo, maana nimeona mara nyingi haulipwi. Lakini ukiingia kwenye usaili na neno lile, mtu wa kwanza atakayekuuliza ulitumia kolamu ya aina gani, au uliandaaje myeyusho wa kulinganishia vipimo, atakujua kabla hujamaliza kumeza mate. Na wanasayansi wa nchi zetu ni wachache, wanajuana. Anayekusaili leo ndiye atakayepitia ombi lako la ufadhili mwaka kesho, na ndiye atakayepigiwa simu na mwajiri mwingine kuulizwa kama anakufahamu.

Hiyo ni hofu ya kukamatwa, nayo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni mahindi yenyewe.

Kampuni ya nafaka inayotafuta mtu wa HPLC kwa kawaida inatafuta mtu wa kupima sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, wakafa 125. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango kinachokubalika kwa mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho halikioni na ulimi hauwezi kukionja. Kinachosimama kati ya ghala na sufuria ni namba iliyotoka maabara, na mashine haimkatai mtu. Itamtolea namba yeyote atakayebonyeza kitufe, awe amefundishwa au amejipachika cheo. Muuza duka akijisifia ujuzi asio nao, hasara itaonekana kwenye daftari la mauzo. Mpimaji akifanya hivyo, karatasi itakuja imepigwa mhuri, na hakuna atakayejua mpaka watoto waanze kugeuka macho ya njano.

Lakini kuna jambo katika barua hii lililoniuma kuliko hilo la HPLC. Karibu na mwisho, kama mtu anayeomba radhi, binti ametaja kwamba kazi yake kwenye fildi ilikuwa kwenda na wenzake maghalani kuchoma magunia kwa bambo, kukusanya punje, kuzichanganya, kuzigawa, kuzisaga, kisha kuloweka unga katika methanoli na maji na kuchuja. Hayo hayapo popote kwenye ukurasa wake! Rafiki aliyaona ni kazi za kibarua.

Sasa msikilizeni mtu aliyewahi kusimamia kazi ya namna hii. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zilizoota ukungu zinaweza kubeba sumu yote ya gunia, nyingine zikawa safi kabisa. Ukichoma gunia mahali pamoja ukachota konzi moja, unaweza kuikosa sumu yote au ukaikuta yote, na mashine ya mamilioni itapima kwa uaminifu mkubwa konzi isiyowakilisha kitu. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya makosa katika vipimo vya sumukuvu huzaliwa kwenye kuchukua sampuli, kabla mashine haijawashwa. Mtu anayejua kuchoma gunia juu, kati na chini, anayejua kwa nini unga usagwe laini kabla ya kugawanywa, anayeandika namba ya gunia kwenye mfuko kabla hajagusa gunia la pili, huyo ni mali. Binti huyu ameficha dhahabu yake akavaa shaba ya kuazima.

Kwa hiyo andika hivi, au namna yako inayofanana na hivi: umechukua sampuli za mahindi kutoka maghala ya eneo fulani, katika miezi fulani, chini ya usimamizi wa maabara fulani, umesaga, umegawa na kuandaa kwa ajili ya kipimo cha sumukuvu, umetunza kumbukumbu za sampuli, umeshuhudia uchambuzi kwa HPLC na ungependa kufundishwa kuuendesha. Maneno hayo ya mwisho usiyaonee haya. Mwajiri mwenye akili anajua kwamba mashine hufundishwa kwa wiki chache, na kwamba umakini wa mtu anayeandika lebo kabla ya kuendelea hauletwi na mafunzo ya wiki chache.

Nimepita kwenye kurasa nyingi za vijana wetu wa sayansi na naona kosa hilihili likijirudia. Wote ni "wabunifu" na "wenye shauku", wote wanajua "uongozi" na "kufanya kazi kwa timu". Aliyelinda friji ya nyuzi hasi 80 usiku umeme ulipokatika, akahamishia sampuli kwenye barafu kavu, hasemi. Aliyesafisha data za kaya mia kadhaa akagundua kwamba wadodosaji wawili walijaza majibu ya kubuni, hasemi. Aliyeeleza fomu ya ridhaa kwa Kisukuma au Kigiriama hadi bibi akaelewa na akakataa, na yeye akaheshimu kukataa kwake, huyo ndiye hasemi kabisa. Sijui nani aliwaambia kwamba mambo hayo si sayansi.

Wapo wazee, na baadhi ni rika langu, wanaoona jambo zima la kujinadi mtandaoni ni utovu wa haya. Wanatoa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, na kwenye soko la samaki ni ya kweli. Lakini mtafiti msaidizi aliyekaa miaka kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, anahesabu maua ya mikorosho atajiuzaje kwa mwajiri wa Nairobi au Accra asiyejua kwamba yupo? Zamani chema kilijiuza kwa sababu kijiji kilikuona. Siku hizi kazi ya utafiti hutangazwa Arusha, fedha zinatoka Ulaya, msimamizi yuko Kilifi, na mtu anayefaa yuko Mtwara na hana mjomba ofisini. LinkedIn ilipofunguliwa mwaka 2003 ilikuwa kitu cha wafanyabiashara wa Marekani. Leo ina wanachama zaidi ya bilioni moja, na kwa kijana asiye na koneksheni ni moja ya milango michache isiyo na mlinzi wa kumuuliza ametumwa na nani. Kueleza kwa usahihi ulichofanya hakuna kiburi ndani yake. Anayetakiwa kuona haya ni yule aliyepata nafasi kwa simu ya baba mkubwa, kisha anawahubiria wenzake unyenyekevu.

Tukubaliane pia kwamba mlango huo haufungui kila nyumba. Kazi za serikali Tanzania hupita Sekretarieti ya Ajira na mfumo wake wa Ajira Portal, na huko wanaangalia vyeti, si tabasamu. Ila hakikisha tarehe na vyeo ulivyojaza huko vinalingana na vya LinkedIn. Mwaka 2017 uhakiki wa watumishi wa umma uliwaondoa watu 9,932 kwa vyeti vya kughushi, wengine wakiwa wamekaribia kustaafu. Na wala si ugonjwa wetu peke yetu. Marilee Jones aliingia chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1979 na kupanda hadi kuwa mkuu wa udahili, akipendwa na kusifiwa kwa kazi yake. Mwaka 2007 ilibainika kwamba shahada alizojaza hakuwa nazo, akajiuzulu. Miaka 28 ya kazi njema haikutosha kuilipa fomu moja. Ninachokiona katika kisa chake ni kwamba kila alipopandishwa cheo, gharama ya kusema kweli ilipanda nayo. Binti yangu wa Morogoro, leo kusema kweli kunakugharimu usaili mmoja. Baada ya miaka kumi bei itakuwa nyingine.

Kuna uongo mwingine usiohusu vyeti, nao umeenea zaidi: kujitwalia kazi ya kundi. Sayansi haifanywi na mtu mmoja. Makala moja ya malaria inaweza kubeba majina thelathini, na nyuma ya hayo wapo waliokesha wakikamata mbu ambao majina yao hayapo kabisa. Kisha unamkuta kijana aliyeingiza data mwezi mmoja ameandika kwamba "aliongoza utafiti". Majarida mengi siku hizi hutumia orodha ya majukumu 14 ya mchango wa kila mwandishi: nani aliwaza, nani alikusanya, nani alichambua, nani aliandika rasimu, nani alitafuta fedha. Chukua orodha hiyo kama kipimo chako hata pale ambapo hakuna jarida lililokuomba. Na ukitangaza makala mpya kwenye ukurasa wako, mtaje fundi wa maabara kwa jina, baada ya kumwomba ruhusa. Naye anatafuta kazi.

Majina yenyewe yana fitina yake. Google Scholar hukusanya makala kwa kufuata majina, na sisi wa pwani tumejaliwa kina Mohamed wengi, wengine Mohammed, wengine Muhammad, na mara nyingine tahajia mbili kwenye vyeti vya mtu mmoja. Wanawake hubadili majina wakiolewa. Ndugu zetu wa Rwanda na Kongo hutanguliza jina ambalo majarida huliweka mwisho. Matokeo yake mtu anaamka na kukuta amepewa makala za daktari wa meno wa Cairo. Ziondoe. Kuziacha kwa sababu zinaongeza hesabu ya kunukuliwa ni kula mali uliyoiokota huku mwenyewe unamjua. Na jipatie namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, inayotolewa bure tangu mwaka 2012. Itakufuata popote hata jina likigeuka. Kuhusu hesabu hizo zenyewe, usizipe moyo wako. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Grenoble, Ufaransa, alimbuni mwanasayansi asiyekuwepo aitwaye Ike Antkare, akaitungisha kompyuta makala zisizo na maana zinazonukuuana, akaziweka mtandaoni, na kwa hesabu za Google Scholar bwana huyo hewa akampita Einstein.

Picha. Kabla hujajipiga ukiwa na koti jeupe, tazama kilicho nyuma yako: lebo zenye majina ya wagonjwa, ubao wenye matokeo ambayo hayajachapishwa, sura ya mkulima ambaye hakuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, lakini hata kabla ya sheria, mgonjwa alikuja kutibiwa, hakuja kupamba ukurasa wako. Kama kundi lenu lina ugunduzi wa kuombewa hataza, kumbuka kwamba katika nchi nyingi kuutangaza kabla ya maombi kunaweza kuwanyima haki hiyo wote. Furaha yako ya jioni moja inaweza kuwapa wenzako hasara ya kazi ya miaka mitano.

Nije kwenye kitufe. Tangu mwaka 2012 LinkedIn inamruhusu mtu kubonyeza na kuthibitisha kwamba mwenzake anao ujuzi fulani. Haichukui muda, haidai maelezo, na ndiyo sababu imekuwa soko la nithibitishe nikuthibitishe. Nimeona binamu muuza simu akishuhudia kwamba fulani ni bingwa wa vinasaba. Tunacheka, lakini tukiuondoa mtandao kilichobaki ni ushahidi, na kwetu anayetoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia tunamjua kwa jina baya. Ukiombwa kuthibitisha usichokiona, usimkatalie mtu kwa ukali, hasa akiwa amekuzidi umri. Mwambie: "Kaka, upande wa maabara sikuwahi kukuona, ila tulipokuwa kijijini niliona unavyoongea na wazee. Niruhusu niandike hilo." Atapata maneno mawili ya kweli badala ya kitufe kisicho na uzito, na pengine baadaye atashukuru.

Vivyo hivyo unapowaandikia wakubwa usiowajua. Profesa aliyepokea "Habari sir naomba nafasi yoyote" kutoka kwa vijana kumi siku hiyohiyo hawezi kujua kwamba wewe ndiye wa maana. Soma makala yake moja hadi mwisho. Msalimie, jitambulishe kwa sentensi moja, uliza swali moja ambalo jibu lake halimo kwenye makala, kisha eleza unachotafuta. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha mwache. Ukijibiwa kwamba nafasi hakuna, shukuru. Wengi wanasahau, na wanaoshukuru hukumbukwa.

Anayekufuata yeye akikupa kazi usiyoiomba, hasa ya nje, kwa mshahara unaotia kizunguzungu, simama. Mwajiri wa kweli hakuombi fedha za vipimo, za viza wala za "kufungua faili", na hana haraka na picha ya pasipoti yako kabla hajakusaili. Mtafute kwenye tovuti ya taasisi anayoitaja, piga simu ya taasisi yenyewe. Vijana wa Kenya na Uganda, wengine wenye shahada, waliahidiwa kazi za kompyuta Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Nimewasema vijana vya kutosha. Sasa niwaguse walimu wao, maana nusu ya uongo huu wamejifunza kwetu. Mwanafunzi anakuja ofisini na adabu zake zote kuomba barua ya kumpendekeza, naye mhadhiri, macho kwenye simu, anamwambia: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Hapo tumemfundisha nini? Tumemwambia kwamba sifa ni kitu cha kujitungia, kwamba jina la mkubwa hukodishwa kwa saini, na kwamba aliyemfundisha miaka mitatu hana sentensi moja ya kwake ya kusema juu yake. Kijana huyohuyo akifika nyumbani akajiandika mtaalamu wa mashine, tunashangaa ametoa wapi ujasiri. Barua hizo zinazosomwa ng'ambo zinatambulika, tena zinafanana: wanafunzi wote wa mwaka mmoja ni "bora kuliko wote niliowahi kufundisha", kwa Kiingereza cha mwanafunzi, kwa saini ya profesa. Anayeumia ni yule aliyekuwa bora kweli.

Ndugu mhadhiri, nusu saa inatosha. Mwombe mwanafunzi akuletee orodha ya aliyoyafanya, pamoja na tarehe, umkumbuke. Andika jambo moja uliloliona kwa macho yako: siku aliporudia kipimo bila kuambiwa, au alipokubishia kwa heshima kuhusu jedwali na akawa sahihi. Kama humkumbuki, mwambie hivyo. Kama huna muda, mwambie leo kwamba huna, si siku moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa, ili awahi kwa fundi sanifu au msimamizi wa fildi aliyemwona akichoma magunia. Cheo cha fundi ni kidogo kwenye karatasi, lakini yeye alikuwepo.